Zote Si Moja

Mwaka 2013 mathe alininunulia lapi ya mtumba, ile ndogo ya inchi 10, kwenye kibanda kimoja Moi Avenue. Pesa ilikuwa mkopo wa chama. Muuzaji aliiwasha, akatuonyesha skrini, akasema, "Mama, hii ni Windows 7. Zote ni moja." Mathe akalipa.

Usiku huo nilitaka kuweka picha ya shosho kwenye skrini, ile aliyopigwa wiki moja kabla ya kulazwa. Nilitafuta pa kubadilishia, hapakuwepo. Ndipo nikaigeuza lapi na kusoma kibandiko cha chini: Starter.

Windows 7 ilipozinduliwa tarehe 22 Oktoba 2009, ilikuja kwa matoleo sita: Starter, Home Basic, Home Premium, Professional, Enterprise na Ultimate. Starter ndiyo ilikuwa ya chini kabisa, na ilikuja ikiwa tayari imewekwa kwenye lapi ndogo za bei nafuu. Ilikuwa ya biti 32 pekee, haikutumia RAM zaidi ya GB 2, haikuwa na yale madirisha yanayong'aa kama kioo, na picha ya skrini haikubadilishwa. Home Basic ililenga masoko ya nchi zinazoendelea, yaani sisi. Professional iliingia kwenye mtandao wa ofisi. Enterprise na Ultimate zilikuwa na BitLocker, kufuli la diski nzima.

Na bado tulikuwa na bahati. Starter ya kwanza kabisa, ya Windows XP, ilianza kuuzwa 2004 katika nchi kama Thailand, Malaysia na Indonesia, ili watu wa kipato cha chini wapate toleo halali badala ya nakala za wizi. Hiyo ilikuruhusu kufungua programu tatu tu kwa wakati mmoja. Ukitaka ya nne, funga moja kwanza. Microsoft ilipanga kuibeba sheria hiyo hadi Windows 7 Starter, ikaifuta miezi michache kabla ya uzinduzi.

Nilichojua baadaye ndicho kilinikaa kooni. Kulikuwa na kitu kinaitwa Anytime Upgrade. Unalipia ufunguo, unauandika, unangoja dakika chache, na lapi ileile inakuwa Home Premium. Huhitaji diski. Mashine haikuwa imeshindwa na kitu. Ilikuwa imefungwa tu.

Hilo nililielewa vizuri zaidi 2017, mwaka wangu wa pili chuoni. Nilifanya mitihani yote. Matokeo yalikuwa mle kwenye mfumo, yamesahihishwa, lakini kila nikiingia naonyeshwa salio la karo. Mathe alikuwa bado analipa chama. Sikurudi.

Sisemi tofauti ya bei ni dhambi. Bila Starter, labda lapi ile isingekuwa na Windows halali, au isingefika mfukoni mwetu kabisa. Na kuna mahali mpangilio huu ulitupendelea. Aliyetaka kugeuza Windows yake yote iwe ya Kifaransa au Kijerumani alihitaji Ultimate au Enterprise. Kiswahili kilikuja kama pakiti ya bure inayokaa juu ya Kiingereza, tena kwa toleo lolote, hata Starter. Haikutafsiri kila kitu, lakini niliiweka. Mathe, ambaye hakuwa amewahi kugusa kompyuta, alikaa kando yangu akisoma menyu kwa sauti, moja baada ya nyingine.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Lapi yangu iko kwenye katoni chini ya kitanda. Ukiifungua utaona picha ya shosho kwenye fremu, pembeni mwa skrini. Niliichapisha saiba kwa shilingi 20, nikaibandika na selotepu.