VIJANA WANAOTUMWA NG'AMBO NA SISI TUNAOWAPOKEA
Historia fupi kutoka Mboga, Koboko na Kuluva



Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi wa Kamati tumeona vema kuandika juu ya jambo linalojadiliwa sana chini ya miembe yetu hapa Koboko, na kwa jirani zetu wa Rhino Camp na Imvepi. Jambo lenyewe ni hili: kila mwaka vijana Wakristo kutoka nchi za ng'ambo huja West Nile kwa safari za misheni. Wengine hukaa wiki mbili, wengine mwezi. Baadhi hufikia Hospitali ya Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, kando ya njia iendayo Nebbi. Wengine hufika hadi kwetu makambini. Tukiuliza wamekuja kufanya nini, viongozi wao hujibu kwamba vijana hao wanafunzwa uongozi.

Jibu hilo si baya. Lakini vijana wetu wenyewe wameuliza: je, sisi tunaotafsiri na kubeba viti, tunafunzwa nini? Hatutaki kulijibu swali hilo kwa hasira. Tunataka kulijibu kwa historia, kwa maana sehemu hii ya dunia ina habari ndefu ya vijana waliovuka mipaka kwa ajili ya imani yao. Na wengi wao walikuwa Waafrika.

APOLO NA JEMBE LAKE

Sisi tuliotoka Kongo tunamfahamu Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, aliyewahi kuwa askari. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uo huo akatumwa Toro. Mwisho wa mwaka 1896 alivuka Semliki akafika Mboga, ambayo leo iko Ituri. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia kufika huko, lakini waliondoka kwa sababu ya njaa, maana mtawala Tabaro hakuwa tayari kuwalisha. Masimulizi ya Mboga yanasema kwamba Apolo alikuja na jembe, ili alime chakula chake mwenyewe.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Apolo hakungoja siku ya tatu.

Hata hivyo mambo hayakuwa rahisi. Dada yake Tabaro alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alishitakiwa, akapelekwa Fort Portal na kutiwa kifungoni. Alipoachiliwa, alirudi kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 aliingia msituni kwa Wambuti, akiwaandaa vijana wa Mboga wawe walimu badala ya kungoja walimu kutoka Kampala. Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea upande wa msitu wa Kongo, kinyume cha desturi, ili watu wajue kwamba kazi inaendelea mbele. Kanisa Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake tangu siku alipofika yeye.

Kwa hiyo misheni katika nchi zetu haikuanza na ndege. Ilianza na miguu, na kijana mwenye jembe.

MPAKA ULIOHAMA

Baadhi ya watu husema Arua ni Uganda tangu zamani. Historia haisemi hivyo. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909, ilikwenda Sudani mwaka 1910, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Kwa muda wa miaka michache mzee mmoja wa Kilugbara au wa Kikakwa aliweza kuwa chini ya serikali tatu bila kuhama nyumba yake.

Na injili ya Waprotestanti ilipofika Arua mwaka 1918, wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia wakitokea upande wa Kongo, ambako chama hicho kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1912. Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1895 na kijana aitwaye Peter Cameron Scott. Yeye alikufa kwa homa huko Ukambani, Kenya, mwezi wa Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29. Hakuwahi kuiona West Nile.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Kijana wa siku zile alipotumwa ng'ambo, alijua kwamba huenda asirudi. Kwa hiyo alilazimika kujifunza lugha, chakula na adabu za wenyeji. Hatuombi mtu yeyote afe. Tunasema tu kwamba muda mrefu ulimfunza mgeni mambo ambayo wiki mbili haziwezi.

KULUVA NA DAFTARI

Hospitali ya Kuluva ilijengwa na daktari Mwingereza Ted Williams pamoja na ndugu yake Peter na familia zao, waliofika chini ya Africa Inland Mission. Waliishi Kuluva miaka mingi. Leo hospitali iko chini ya Kanisa la Uganda, na ina shule ya wauguzi na wakunga.

Watu wengi wanaijua Kuluva kwa dawa na upasuaji. Wachache wanajua kwamba sayansi ya dunia ina deni kwa Kuluva. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Kampala aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Ili kujua unapatikana wapi, alifunga safari tarehe 7 Oktoba 1961 pamoja na Ted Williams na daktari Mkanada, Cliff Nelson. Walikwenda kwa gari la Ford lililokwisha tumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walipita maili zipatazo 10,000, wakafika Afrika ya Kusini, wakiingia katika hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni, na kuuliza: je, ninyi mmeuona uvimbe huu? Waligundua kwamba uvimbe hupatikana kwenye joto na mvua nyingi, na hukosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ulifuata njia ile ile ya malaria.

Kisha ikaja kazi ya daftari. Huko Kuluva waliandika habari za kila mtoto aliyeletwa na uvimbe: anatoka wapi na aliugua lini. Habari hizo zilionyesha kwamba wagonjwa hawatokei ovyo, bali hujikusanya mahali fulani na wakati fulani. Tangu mwaka 1972 wachunguzi wa shirika la kimataifa la saratani walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1978 yalisaidia kuonyesha kwamba kirusi cha Epstein na Barr kinahusika na saratani hiyo.

Akina mama wa West Nile walikubali damu ya watoto wao ichukuliwe. Majina yao hayamo katika vitabu, lakini bila wao pasingekuwa na matokeo. Hili ni somo la kwanza la uongozi ambalo Kuluva inatufundisha: safari njema ni ile inayouliza, inayoandika, na inayorudi kwa watu wale wale.

WAKIMBIZI WALIOKUWA SHULE

Somo la pili linatoka katika ukimbizi wenyewe. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, wamisionari wengi walikimbia kutoka Kongo kuja Uganda. Mmoja wa waliokimbia mwaka ule alikuwa daktari Carl Becker wa Oicha, ambaye tayari alikuwa mzee. Aliporudi Kongo hakutaka tena kila misheni iwe na hospitali yake na mzungu wake. Misheni kadhaa ziliungana Nyankunde, karibu na Bunia, na vijana wa Kikongo wakafunzwa uganga na uuguzi. Nyankunde ilishambuliwa mwezi wa Septemba 2002, watu wengi wakauawa. Lakini waliofunzwa pale wametumika katika nchi nzima, na hata ukimbizini.

Miaka hiyo hiyo ya 1960 Wasudani walikuwa wakikimbilia Uganda. Katika familia zilizovuka kutoka Kajo Keji palikuwa na mtoto mchanga, Anthony Poggo, aliyezaliwa mwaka 1964. Alikulia ukimbizini, akarudi kwao mwaka 1973. Mwaka 2007 akawa askofu wa Kajo Keji, na mwaka 2022 akaanza kazi London kama Katibu Mkuu wa Ushirika wa Kianglikana duniani. Kwa hiyo mtu akimtazama mtoto wa kambi akidhani ni wa kupewa biskuti tu, na amtazame mara ya pili.

Nao wenyeji wetu wa West Nile hawakukosa zamu yao. Silvanus Wani, Mkakwa wa Koboko, aliyekuwa kasisi wa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichaguliwa Askofu Mkuu wa Uganda mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na serikali ya Idi Amin. Miaka miwili baadaye Amin alianguka, na watu wengi wa West Nile wakakimbilia Kongo na Sudani. Walipokelewa na baba zetu. Wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1986. Ndiyo maana sisi Wakongo tulipofunguliwa makazi ya Lobule mwaka 2013, na ndugu zetu wa Yei na Kajo Keji walipoingia kwa wingi kufuatia vita vya Julai 2016, hatukuwa wageni kabisa. Kule pia makanisa na vyuo vya Biblia vilivuka pamoja na watu, na vijana wakaendelea na masomo.

SAFARI FUPI ZA SIKU HIZI

Mtindo wa safari fupi za vijana ulikua sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1957 Mmarekani George Verwer na wenzake wawili walikwenda Mexico kugawa vitabu. Hapo ndipo ulipoanza mwendo wa Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham alianzisha Youth With A Mission. Nauli za ndege zilipopungua, mamilioni ya vijana walifuata njia hiyo.

Faida zipo. Kijana aliyelala kwetu, akateka maji kisimani pamoja nasi, hawezi tena kuamini kila anachosikia juu ya wakimbizi. Wapo waliorudi kwao wakasoma udaktari au ualimu kwa sababu ya safari hiyo. Wapo pia waliotuandikia kwa miaka.

Hasara pia zipo, na tuziseme bila kuficha. Tumeona ukuta uliopakwa rangi mara mbili katika miaka miwili, wakati fundi wa kambi amekaa bila kazi. Tumeona watoto wakipigwa picha bila wazazi kuulizwa. Tumeona semina ya uongozi ambapo vijana wetu walikuwa wakalimani siku tano mfululizo, na cheti wakapewa wageni peke yao. Tena jirani zetu Waislamu waliachwa nje ya michezo kana kwamba mpira nao una dini.

TUNAYOPENDEKEZA

Kutokana na historia hii, sisi wa Kamati tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila kundi la vijana wageni lipangwe pamoja na kundi la vijana wetu kwa idadi sawa, na wote wafunzwe. Mkalimani apewe cheti kama wengine.

Pili, mgeni apewe jembe, yaani kazi iliyochaguliwa na wenyeji. Apelekwe kwa muuguzi wa zamu, kwa fundi, au kwa mama mlima mihogo, ajifunze kwake kabla ya kumfundisha.

Tatu, pawe na daftari. Kila ziara iandikwe: nani alikuja, nini kiliahidiwa, nini kilitimizwa. Mwaka unaofuata daftari lifunguliwe mbele ya wote.

Nne, safari iwe ya pande mbili. Festo Kivengere alitoka Uganda mwaka 1946 kwenda kufundisha Dodoma, Tanganyika, akiwa bado kijana. Vijana wetu nao wana ya kupeleka. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki yetu ya kutembea, na Mkataba wa mwaka 1951 unazungumzia hati ya kusafiria kwa mkimbizi. Tunajua kwamba viza ni ngumu na nauli ni kubwa. Basi tuanze karibu: kijana wa Lobule aende Kuluva mwezi mzima kujifunza kazi ya wodi na utunzaji wa vitabu, na kijana wa Arua aje akae nasi. Hata kutoka Koboko hadi Kuluva ni safari ya misheni, kwa anayekwenda na moyo wa kujifunza.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, hatukatai wageni. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunachotaka ni kupona kweli, pamoja na mgeni mwenyewe. Tutakapoandika toleo jingine la kumbukumbu, tunatumaini kulifungua daftari hilo na kusoma ndani yake majina ya vijana wa pande zote mbili.



Ni sisi, kwa niaba ya Kamati.