Injini za Kimarekani katika vilima vya Karagwe

Injini kubwa ya petroli kutoka Marekani ilianza kuzoeleka Afrika Mashariki wakati barabara za lami zilipokuwa bado za kuhesabika. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa V8 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 65. Miaka miwili baadaye injini hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 85, na ujazo wake ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni vichwa vya silinda vilivyobana mchanganyiko zaidi, kabureta yenye midomo miwili, na mabomba ya kuingizia hewa yaliyopangwa upya. Makoloni ya Waingereza yalipata magari hayo zaidi kutoka Kanada, kwa sababu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya himaya zilitozwa ushuru mdogo. Majeshi ya Uingereza yaliyopigana na Waitalia Ethiopia mwaka 1941 yalitegemea sana malori ya Ford na Chevrolet.

Kinachozaa nguvu ndani ya injini ni hewa. Petroli inaweza kuongezwa wakati wowote kwa kubadilisha jeti ya kabureta, lakini haiungui bila hewa ya kutosha, na hewa ina njia nyembamba za kupita. Wafua chuma wa Buhaya na Karagwe, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya gari: moto wa tanuri uliongezwa makali kwa mivukuto, si kwa kurundika makaa tu. Fundi anayeitafutia injini ya zamani nguvu zaidi ana njia chache. Anaweza kuongeza ujazo kwa kuchonga silinda, kuongeza mgandamizo kwa kupunguza uso wa silinda hedi, kupanua njia za hewa na za moshi, kufunga kamshafti inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, au kuisukuma hewa ndani kwa mashine.

Vilima vya Karagwe vinainyima injini hewa hiyo tangu mwanzo. Kata ya Kituntu imo katika nyanda hizo za wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Upande wa kaskazini magharibi ni Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyohiyo hadi ilipogawanywa mwaka 2012. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na migongo ya Karagwe inafika mita 1,500 hadi 1,800. Katika mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo iliyopimwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 125 hubakiwa na kama 106 ikiwa kila kitu kingine kiko sawa. Mchanganyiko nao hulewa petroli kupita kiasi, plagi zinapakwa masizi, na gari linakunywa mafuta mengi huku likipanda kwa shida.

Umbo la nchi limepunguza makali ya upungufu huo kwa upande mmoja. Kahawa, zao kuu la biashara la Karagwe, husafirishwa kwa kuteremka kuelekea Kyaka kwenye bonde la Mto Kagera na kisha Bukoba, ambako kwa miongo mingi ilipakiwa melini ziwani. Mizigo iliyopanda ilikuwa saruji, mabati, chumvi, mafuta ya taa na bidhaa za dukani. Hivyo lori lilihitaji breki likiwa na kahawa, na nguvu likiwa na saruji. Mitelemko hiyo na kona za changarawe zilimfundisha dereva kutumia gia ndogo mapema, kabla injini haijaanza kulia.

V8 za Marekani zilikuwa chache katika wilaya za namna hiyo. Damu ya Kimarekani iliyoenea ilikuja kwa majina mengine, na hili ni jambo ambalo historia za magari hulipita haraka mno. Malori ya Bedford, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931 chini ya General Motors, yalitumia injini ya silinda sita iliyotokana na ile ya Chevrolet. Nchini Japani, Toyota ilitengeneza injini yake ya kwanza, Type A ya lita 3.4, mwaka 1935 kwa kuiga silinda sita ya Chevrolet. Kutoka katika ukoo huo wa mawazo ikaja injini ya F ya lita 3.9, iliyowekwa kwenye Land Cruiser, na baadaye 2F ya lita 4.2. Mtu aliyepanda Land Cruiser ya petroli ya miaka ya 1970 katika Tanzania alikuwa anabebwa na mpango wa injini uliochorwa Marekani kwa ajili ya malori na magari ya familia: silinda sita kwenye mstari, vyuma vizito, mzunguko wa polepole, na nguvu ya kuvuta inayopatikana chini kabisa.

Huko Marekani kwenyewe mawazo yalikuwa yamekwenda upande mwingine. Chevrolet ilitoa V8 ndogo na nyepesi ya lita 4.3 mwaka 1955. Mwaka 1963 Ford ilitoa aina ya V8 ya lita 4.7 yenye mgandamizo wa 10.5 kwa 1 na nguvu za farasi 271, na mwaka 1964 Pontiac GTO ikaja na lita 6.4: nguvu za farasi 325 kwa kabureta moja, au 348 kwa kabureta tatu zilizopangwa mstari. Takwimu hizo zilipimwa kwa injini tupu, bila eksozi ya gari wala feni, na mfumo huo wa kupima uliachwa mwaka 1972. Hata hivyo mbinu zenyewe ni za kweli na zinafundisha. Kamshafti kali, mgandamizo wa juu na midomo mipana ya kabureta vilizaa nguvu nyingi juu, katika mizunguko elfu tano na zaidi kwa dakika, huku vikipunguza utulivu na mvuto wa chini.

Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalizipima mbinu hizo hadharani. Yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani ndani ya masika, kwa hiyo tope lilikuwa sehemu ya njia. Mwaka 1964, majuma machache kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kitengo cha Mercury cha kampuni ya Ford kilileta kikosi cha Comet sita zenye V8, zilizotayarishwa na Bill Stroppe, mtaalamu wa magari ya mashindano kutoka California. Miezi michache kabla yake, Comet zilikuwa zimekimbizwa maili 100,000 katika kiwanja cha Daytona kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Hakuna gari katika orodha ya Safari lililokuwa na sifa kubwa zaidi za nguvu na uvumilivu.

Magari 94 yaliondoka, 21 yakamaliza. Comet mbili tu ndizo zilizofika, katika nafasi ya 18 na ya 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes wa Kenya na Bill Young, ndani ya Ford Cortina GT yenye injini ya lita 1.5. Mwaka uliofuata ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Kisha mwaka 1966 na 1967 ikawa zamu ya Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, na msoma njia wake Chris Rothwell, wakiwa na Peugeot 404 ya lita 1.6. Uzito mdogo, mfumo wa springi uliofaa mashimo, na madereva waliozijua njia vilishinda nguvu iliyokosa pa kushika. Katika tope, tairi inayoteleza haitumii hata nusu ya kile injini inachokitoa.

Somo hilo linaelekeza kazi inayofaa kwa injini ya zamani ya ukoo wa Kimarekani inayofanya kazi mahali kama Kituntu. Faida ya kwanza haitoki kwenye vifaa vya mashindano. Injini iliyokula ringi na valvu inavujisha mgandamizo wake, na ovahoo nzuri peke yake huirudishia nguvu ambayo kabureta mpya haitaipata. Ikifuatwa na jeti ndogo zinazolingana na hewa nyepesi, pamoja na kusogeza mbele kidogo taimingi ya distributa, tofauti inaonekana mlimani. Mgandamizo nao una nafasi yake hasa katika vilima. Injini ya F iliundwa na mgandamizo wa chini ya 8 kwa 1 ili istahimili petroli duni. Juu ya mita 1,500 silinda hujaa hewa pungufu, kwa hiyo mgandamizo unaweza kupandishwa kiasi kwa kuchonga silinda hedi bila injini kugonga. Lakini gari hilohilo likiteremka hadi pwani na kubeba mzigo kwenye joto, pistoni zinaweza kuumia. Njia za moshi ni jambo la tatu: eksozi pana isiyo na kona kali huiruhusu injini kupumua kwa gharama ndogo. Kamshafti kali isifungwe kamwe katika gari la mizigo.

Rejeta ndiyo mpaka wa yote haya. Katika Ford V8 za zamani valvu zilikuwa ndani ya bloku, na moshi ulipita katikati ya maji ya kupozea kabla ya kutoka, ndiyo maana zilichemka upesi. Kila nguvu inayoongezwa huja na joto lake, na lori linalopanda polepole halipati upepo wa kulipoza. Historia ya petroli nayo imeacha alama: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi hiyo ilikuwa inakinga viti vya valvu za moshi katika injini za zamani, na anayezifufua leo anapaswa kuzifungia viti vya chuma kigumu.

Kazi ya kupanda Karagwe na mzigo hatimaye ilichukuliwa na dizeli, na hasa dizeli yenye turbo, ambayo hurudisha hewa iliyopotea kwa kuisukuma ndani kwa nguvu ya moshi wenyewe. Mwaka 1990 Toyota ilitoa dizeli mbili za lita 4.2 kwa Land Cruiser: 1HZ isiyo na turbo, na 1HD-T yenye turbo. Ile ya kwanza ilienea zaidi kwa urahisi wake, na gereji nyingi zikajifunza kuifungia turbo. Injini zilizosukumiwa hewa kupita kipimo zilipasua silinda hedi. Kwa petroli, mwaka 1992 ikaja 1FZ, yenye kamshafti mbili juu ya valvu na mpango mpya kabisa, na injini za F zikaacha kufungwa kwenye Land Cruiser mpya.