Awendo: Watu, miwa na barabara

Awendo ni mji mdogo katika Kaunti ya Migori, kusini-magharibi mwa Kenya. Umejengwa kandokando ya barabara kuu ya A1, kati ya miji ya Rongo na Migori. Wenyeji wengi huuita Sare, jina la mto unaopita hapo. Kaunti Ndogo ya Awendo ina wadi nne: Sakwa Kaskazini, Sakwa Kusini, Sakwa Magharibi na Sakwa ya Kati. Upande wa magharibi imepakana na Ndhiwa, iliyo katika Kaunti ya Homa Bay.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo hiyo ilikuwa na wakazi 117,290, kati ya wakazi 1,116,436 wa kaunti nzima. Hao ni zaidi ya watu 400 katika kila kilomita ya mraba. Hata hivyo, wengi wao hawaishi mjini, bali katika maboma yaliyotawanyika mashambani, kila familia kwenye ardhi yake. Kwa sababu hiyo, swali la usafiri Awendo haliishii kwenye barabara ya lami. Huanzia pale mtu anapotoka nyumbani kuifuata.

Barabara ya A1 huunganisha mji huo na Kisii na Kisumu upande wa kaskazini, na mpaka wa Isebania unaoingia Tanzania upande wa kusini. Matatu na mabasi ya Nairobi hupita humo. Reli haijapata kufika Migori, hivyo abiria na mizigo hutegemea zaidi barabara.

Barabara za ndani zina historia yake. Serikali ilianzisha kampuni ya sukari ya South Nyanza, maarufu kama Sony, mwaka 1976, na mashamba ya Sakwa yakageuka kuwa ya miwa. Njia nyingi za mashambani zikawa njia za matrekta ya kubeba miwa hadi kiwandani, na ndizo hizo hizo zinazotumiwa na wanafunzi, wachuuzi na wagonjwa. Kiwanda kinapostawi, njia hupata sababu ya kukarabatiwa; kinapodorora, nazo huchakaa. Mwaka 2023, upungufu wa miwa uliifanya serikali kusimamisha usagaji katika viwanda vya magharibi mwa nchi kwa miezi kadhaa.

Msimu wa mvua ndio mtihani mkubwa. Matrekta hukwama, nayo miwa iliyokwisha kukatwa hukauka ikipoteza uzito na utamu. Kwa kuwa mkulima hulipwa kwa tani zinazofika kwenye mizani, kila siku ya kukwama ni hasara yake. Mama mjamzito anayehitaji hospitali usiku hupita njia hiyo hiyo, mara nyingi akiwa amepakiwa kwenye bodaboda. Pikipiki hizo, zilizoenea kuanzia miaka ya 2000, huingia mahali ambapo matatu haiwezi, ingawa nauli hupanda matope yanapozidi.

Wajibu wa kutengeneza barabara umegawanyika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka ya barabara kuu, ya mijini na ya mashambani, na Katiba ya mwaka 2010 ikazipa kaunti barabara za ngazi yake. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 nayo ilirejesha ushuru wa maendeleo ya sukari, ambao sehemu yake hutengewa miundombinu ya maeneo ya miwa. Mwaka 2025 serikali iliikodisha Sony kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30.

Kwa wakazi wa Sakwa, mafanikio ya mipango hiyo yatapimwa kwa jambo moja: kama gari litaweza kufika karibu na boma wakati wa masika, si kiangazi peke yake.