Je, Serikali Ina Haki ya Kuzima Sauti ya Redio na Televisheni?

Kituo cha redio au televisheni kinapofungiwa, waamini hutuuliza kama Serikali imetenda haki. Mara nyingi aliyechukizwa na kituo hicho hushangilia, na aliyekipenda hulalamika. Lakini kuchukizwa au kupendezwa si kigezo cha Kikristo. Katika makala haya tunaeleza kwa ufupi mafundisho ya Mama Kanisa, kisha tunayapima kwa matukio ya historia.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, unatambua kwamba jamii ya wanadamu ina haki ya kupata habari, na kwamba habari hizo sharti ziwe za kweli. Namba 12 ya hati hiyo inaipa Serikali wajibu wa kulinda uhuru wa kweli wa habari, na pia wa kusimamia sheria za haki ili matumizi mabaya ya vyombo hivi yasilete madhara makubwa kwa maadili na ustawi wa jamii. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia wajibu huo katika namba 2498, kisha katika namba 2499 inalaani dola zinazopotosha ukweli na kuyatawala mawazo ya watu kupitia vyombo vya habari.

Kwa hiyo Kanisa halisemi kwamba kila neno liruhusiwe hewani. Wala halisemi kwamba mtawala ndiye mmiliki wa ukweli.

Rwanda: neno lililoua

Kituo cha RTLM kilianza kurusha matangazo nchini Rwanda mwezi Julai 1993. Kiliwaita Watutsi mende, na mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 kilitangaza hata majina ya watu wa kusakwa. Watu waliokimbilia makanisani, kama vile Ntarama na Nyarubuye, waliuawa humo humo. Mbele ya historia hii, hatuwezi kudai kwamba uhuru wa kutangaza hauna mpaka.

Hata hivyo, tuitazame historia hii kwa makini. RTLM haikuwa sauti ya wapinzani iliyoiponyoka Serikali. Miongoni mwa wanahisa wake walikuwemo watu wa karibu wa Rais. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaonya wakuu wa kituo hicho Novemba 1993 na tena Februari 1994. Hawakumsikiliza, na tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa. Sheria ilikosa nguvu kwa sababu wenye nguvu walikinufaisha kituo na kukilinda. Basi, anayedhani kwamba kuwapa watawala rungu kubwa zaidi kungetosha kuiponya Rwanda, hajaielewa Rwanda.

Haki ilikuja kwa kuchelewa, kupitia Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Mwaka 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa viongozi wa RTLM. Mwaka 2007 majaji wa rufani walifuta baadhi ya makosa, lakini wakathibitisha hatia ya Nahimana ya uchochezi wa mauaji ya kimbari kwa matangazo yaliyorushwa baada ya tarehe 6 Aprili 1994. Walichambua matangazo, tarehe na wajibu wa kila mshtakiwa. Hivyo ndivyo hukumu inavyotofautiana na amri ya ofisini.

Ufilipino na Kenya: ukimya wa kulazimishwa

Tarehe 22 Februari 1986, Kardinali Jaime Sin wa Manila aliwaalika watu, kupitia Radio Veritas, kituo cha Kanisa, wakawasimamie kwa amani askari waliojitenga na Rais Marcos. Usiku huo huo watu wenye silaha waliuharibu mtambo wa kurushia matangazo. Machoni pa dola ile, Kanisa ndilo lililokuwa mchochezi.

Nchini Kenya, tarehe 30 Januari 2018, Serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni vilipokuwa vikionyesha tukio la upinzani bustani ya Uhuru, Nairobi. Mahakama Kuu iliagiza virudishwe hewani, lakini viliendelea kukaa kimya kwa siku kadhaa, na baadhi yake kwa zaidi ya wiki moja tangu vilipozimwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina mizani nzuri: ibara ya 33 haiulindi uchochezi wa vurugu wala hotuba za chuki, na ibara ya 34 inaikataza Serikali kuviingilia vyombo vya utangazaji. Kilichokosekana ni utii.

Vigezo vya kupima

Tukisikia kituo kimefungiwa, tuulize: Je, kosa limetajwa wazi katika sheria iliyokuwepo? Je, kituo kimesikilizwa, na kinaweza kukata rufani mbele ya mahakama huru? Je, adhabu inalingana na kosa? Je, kituo kinachoisifu Serikali kingeadhibiwa vivyo hivyo kwa maneno yale yale? Jibu likiwa hapana, huo si ulinzi wa mafao ya wote, hata kama kituo chenyewe hatukipendi.

Nasi tuna wajibu. Tukisikia matangazo yanayodhalilisha kabila au dini, tuandike siku, saa na maneno yaliyosemwa, tukakilalamikie kituo chenyewe, kisha mamlaka husika. Tusiyasambaze kwa simu zetu huku tukijidai kuyalaani. Na redio zetu za Kanisa zikubali kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Mwaka 1951 Papa Pius XII alimtangaza Malaika Mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa mawasiliano. Kwa maombezi yake, tuwaombee watangazaji wasiogope kusema kweli, na watawala wasiogope kuisikia.