Bei ya Kovu na Pigo la Moyo

Marekani ilikuwa haijatimiza miezi miwili tangu itangaze uhuru wake, baraza la makoloni yaliyoasi lilipopitisha, tarehe 26 Agosti 1776, sheria ya kumpa nusu ya mshahara kila askari atakayepotewa na kiungo vitani, au atakayedhurika hata asiweze tena kujichumia riziki. Na katika maneno hayo machache ilikuwamo mizani ambayo serikali ile haijaiweka chini mpaka leo, kwani kilichopimwa hakikuwa maumivu ya mtu bali chumo lake.

Mizani yenyewe haikuwa na insafu kwa wote. Kwa sheria ya 1862, iliyotungwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa kawaida aliyelemaa kabisa alipata dola 8 kwa mwezi, na luteni kanali aliyelemaa vivyo hivyo akapata 30, kana kwamba mguu wa mkubwa huuma zaidi.

Lakini mguu uliokatwa hauhitaji shahidi. Shida ilizuka kwa moyo. Katika vita hivyo hivyo tabibu Jacob Mendes Da Costa, aliyetibu askari mjini Philadelphia, aliwaona vijana ambao wakiharakisha mwendo au wakibeba mzigo moyo huwadunda kwa ghasia, pumzi zikawakatikia na kifua kikawachoma. Akakusanya habari za zaidi ya 300 miongoni mwao, akazichapisha mwaka 1871, na maradhi yale yakaitwa kwa jina lake. Wengi wa namna hiyo hawakuwa na kovu la kumwonyesha karani, na karani, kama ajuavyo kila aliyepanga foleni ya malipo, huamini kinachoonekana.

Asilimia zilikuja na Vita Kuu ya Kwanza: sheria ya Oktoba 1917 iliagiza jedwali la kukadiria wastani wa chumo linalopotea kwa kila dhara, na cheo kikaondoshwa katika hisabu. Jedwali limeandikwa upya mara kadhaa, na lile la 1945 ndilo shina la linalotumika sasa. Humo kovu linalouma, hata lisipomzuia mtu kushika jembe, lina haki yake, moja au mawili asilimia 10, matano 30, na hivyo maumivu yameingia mizanini kwa kunyatia. Na moyo, tangu 1998, hupimwa kwa kadiri ya kazi inayomkata mtu pumzi.

Mwenye vyote viwili asijumlishe kwa vidole. Aliyekadiriwa 60 kwa moyo na 30 kwa makovu hapati 90: hizo 30 hutolewa katika 40 zilizosalia za uzima wake, zikawa 12, jumla 72, na serikali, ikikadiria kwa makumi, hulipa 70.