Je, Jua Latembea?

Asubuhi ukisimama Goma waliona jua likitokea upande wa Rwanda. Jioni latua nyuma ya milima ya Masisi. Macho yasema: jua latembea, dunia imetulia. Je, macho yatosha kuwa shahidi?

Watu wa Kivu walianza kuhesabu zamani sana. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua huko Ishango, pale mto Semliki utokapo katika ziwa Edward, mfupa wenye mistari iliyochanjwa kwa mafungu. Umri wake ni miaka 20,000 hivi. Mtaalamu Alexander Marshack alidhani ni hesabu ya siku za mwezi, wengine hawakukubali.

Katika karne ya 2 Ptolemy wa Aleksandria, yule aliyetaja Milima ya Mwezi, ambayo wengi husema ndiyo Ruwenzori yetu, aliiweka dunia katikati. Lakini sayari Mirihi mara nyingine yaonekana kurudi nyuma. Kwa hiyo alisema kwamba kila sayari yapita katika duara dogo, na duara hilo lachukuliwa na duara kubwa. Hesabu zake zilitumika zaidi ya miaka 1,300.

Mwaka 1543 kilichapwa kitabu cha Copernicus, kanoni wa kanisa kuu huko Polandi. Yeye alisema jua ndilo la katikati. Mirihi hairudi nyuma. Ni sisi tunaoipita, kama abiria wa motokaa ya mbio aonavyo lori la polepole likibaki nyuma. Mwaka 1609 Kepler akaonyesha kwamba njia ya sayari si duara kamili, bali imerefuka kidogo. Mwaka 1687 Newton akaeleza kwamba nguvu iangushayo tunda mtini ndiyo iushikayo mwezi usipotee.

Tusifiche neno: Galileo, aliyemtetea Copernicus, alihukumiwa Roma mwaka 1633. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba wanateolojia wa siku zile walikosea, kwa kudhani Maandiko Matakatifu yanafundisha jinsi mbingu zilivyoundwa. Naye padre Mbelgiji, Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu wote wazidi kutanuka.

Basi, mtoto wako akikuuliza kama jua latembea, usimkemee. Keti naye, mtazame mbinguni pamoja. Ukweli hauogopi maswali.