Nyama ya Burma na joto la ng'ambo ya reli

Nyama ya Burma huuzwa ingali na joto la mnyama. Hiyo ndiyo sifa ya soko hili la Jogoo Road, jirani ya City Stadium, ambalo jina lake huhusishwa na askari wa King's African Rifles waliopigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Ng'ombe huchinjwa usiku Dagoretti na kwingineko, mizoga hufika alfajiri, na mwenye bucha huanza kushindana na jua. Kinachobaki jioni chataka friji, na friji yataka stima.

Ng'ambo ya reli, ndani ya Industrial Area, joto limekuwa likitupwa tangu 1997. Mwaka huo kampuni ya Iberafrica, iliyotokana na Union Fenosa ya Uhispania, iliwasha majenereta ya mafuta mazito pale Nairobi South, taifa likihangaika na uhaba wa umeme. Injini za aina hiyo hugeuza karibu nusu tu ya nguvu ya mafuta kuwa stima. Iliyobaki hupaa na moshi au huondoka na maji ya kupozea injini.

Joto hilo lingeweza kuipoza nyama ya Burma, kwani kutumia moto kuzalisha baridi si jambo la juzi. Mfaransa Ferdinand Carré alisajili mtambo wa namna hiyo 1859. Gesi iliyotumika ni amonia, inayopenda maji. Mchanganyiko wake ukipashwa moto, gesi hutoka. Gesi hiyo hupozwa hadi iwe kiowevu, na inapovukiza tena hunyonya joto la chochote kilicho karibu. Wazee wetu wengi waliuona ufundi huu bila kuuita kwa jina: ile friji ya mafuta ya taa, utambi ukiwaka chini na barafu ikiganda juu, iliyotunza chanjo na soda mahali ambapo nyaya hazikufika. Waliobuni aina hiyo ni Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, 1922, wakiwa bado wanafunzi Stockholm.

Bomba la kufikisha baridi hiyo sokoni nalo lina historia yake. Katika jiji la Denver, Marekani, baridi ilikuwa ikiuzwa kwa mabomba tangu 1889. Kinachomhusu zaidi mtu wa Burma ni New York: kuanzia 1906, Manhattan Refrigerating Company ilipitisha baridi chini ya barabara hadi kwa wauza nyama wa eneo la Gansevoort, na mwenye bucha hakuhitaji mashine yake mwenyewe. Helsinki ilianza kuuza maji baridi kwa majengo yake 1998, na baadhi ya baridi hiyo imewahi kutengenezwa kwa joto la ziada.

Wazo hili la kutumia joto lililopo, Kenya imelishika nusunusu. Katika mitambo ya Rabai na Thika, moshi wa injini huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha tabo ya ziada ili kuzalisha stima zaidi. Kule Naivasha, shamba la Oserian lilitumia joto la kisima cha jotoardhi cha Olkaria kupasha waridi. Baridi haikuguswa.

Sidhani ni uzembe. Kuchimba barabara za Nairobi ni ghali, na mabucha ya Burma peke yake hayawezi kulipia bomba. Ingebidi viwanda vya maziwa na maghala ya Industrial Area yawe wateja wa kwanza. Isitoshe, mashine zilizozoeleka za kupoza kwa joto, zinazotumia lithiamu bromidi, hutoa maji ya nyuzi 5 hivi, yanayotosha ofisi lakini hayagandishi kitu. Nyama yataka ile amonia ya Carré.

Tena, mitambo yenyewe imepungua. Megawati 56 za kwanza za Iberafrica zilizimwa 2019, mvuke wa Olkaria ukiwa umeshachukua nafasi kubwa ya dizeli. Zilizosalia, megawati 52.5 za mwaka 2009, huhitajika hasa jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Saa hizo ndizo barafu ingeweza kugandishwa na kuwekwa akiba, saa chache kabla ya malori ya Dagoretti kuingia Burma.